Dau la dola 61 lililonifikia Dodoma kwa laki nne na nusu

Marehemu baba alikuwa na kawaida yake siku za mnada wa Msalato. Jumamosi asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, alihesabu pesa ya mbuzi akaitia mfuko wa shati, iliyobaki akampa mama aifunge kwenye khanga. Tukifika, alimfungua mbuzi kinywa akatazama meno, akampapasa mgongo, akauliza ametoka kijiji gani. Bei ikivuka ile ya mfukoni, tulirudi bila mbuzi.

Nilipoingia mnada wa mtandaoni kwa mara ya kwanza niliyasahau yote hayo. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, na nilikuwa natafuta ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke. Nikaiona moja Marekani, dau likiwa dola 22. Dakika za mwisho mtu akaongeza, nikaongeza, akaongeza tena, moyo unadunda. Nikaipata kwa dola 61, nikafurahi kama nimeokota. Hesabu ikaja baadaye: dola 18 kuifikisha kwa wakala wa kusafirisha mizigo hukohuko Marekani, kisha dola 96 za wakala kuleta kilo nane hadi Dar es Salaam, kodi ikiwa ndani. Jumla dola 175, karibu laki nne na nusu kwa bei ya dola ya siku ile, na bado nauli ya basi kuja Dodoma. Kwa pesa hiyohiyo ningepata ovaloki iliyotumika Kariakoo, tena nikiwa nimeijaribu kwa kitambaa changu mwenyewe.

Mzigo ulipofika nikakuta plagi yenye vyuma viwili bapa. Nikanunua adapta, nikachomeka. Mashine ilinguruma kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia, ikaja harufu ya plastiki inayoungua, moshi mwembamba ukapanda kando ya gurudumu la mkono, kimya. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haigusi volti. Na muuzaji hakunificha kitu: kibandiko cha volti kilionekana wazi kwenye picha ya sita ya tangazo. Mimi niliishia picha ya tatu.

Kwa hiyo ninachokisisitiza kwa kila anayeniuliza ni hiki: anza hesabu mlangoni kwako, urudi nyuma. Jiulize kitu hicho, kikiwa kimeshafika Dodoma, unakubali kikugharimu shilingi ngapi. Toa nauli, toa kodi, toa transfoma ya kushusha umeme kama inahitajika. Kinachobaki ndicho dau lako, hata kama ni dola 30 tu. Usisahau kwamba forodha hawakadirii ushuru kwa bei ya mnada peke yake. Wanajumlisha na bima na usafiri, halafu kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 inakuja juu ya hayo yote pamoja na ushuru wenyewe. Kitu kizito kinakuumiza mara mbili.

Bei halisi usiitafute kwenye minada inayoendelea, maana humo kila kitu kinaonekana rahisi mpaka dakika ya mwisho. Pale eBay, mtandao wa minada ninaoutumia, unaweza kuchuja uone vilivyokwisha kuuzwa na vimeuzwa kwa kiasi gani. Mimi hukaa wiki mbili naangalia hivyo tu kabla ya kuweka hata senti.

Ukishapata kiwango chako, kiandike kwenye mnada mara moja tu kama kikomo. Mfumo wenyewe utakupandishia kidogokidogo kila anapotokea mshindani. Ukiweka 70 na mwenzako akaishia 50, unalipa 51, hulipi 70. Epuka namba za mviringo. Wengi hukomea 50 au 70, ukiweka 70.60 unaweza kumpita mtu kwa senti. Kisha zima simu. Ukishinda umeshajifunga kulipa, si jambo la kujaribu bahati.

Sisi wa huku tuna nafasi moja nzuri ambayo wengi hawaioni. Wauzaji wengi Marekani hupanga minada iishe jioni kwao, na hapa ni alfajiri. Lakini ipo inayoishia saa tisa usiku kwa saa za New York, wenyeji wamelala fofofo. Kipindi chao cha joto, hiyo ni saa nne asubuhi Dodoma, nami nipo dukani nimeshakunywa chai. Hiyo ndiyo ninayoifuata. Tafuta pia kwa majina yote: Wamarekani ovaloki huiita "serger", na wapo wanaokosea hata herufi. Tangazo lililokosewa jina halina watu.

Kuhusu minada ya kwenye magrupu ya WhatsApp, anayekwambia umeshinda halafu "tuma kwenye namba hii" kabla hujaona mzigo, mwache. Jirani yangu alituma laki mbili za friji, na friji hajaiona mpaka leo.

Jambo la mwisho ni la wakala, na linawaumiza wengi. Dhamana ya eBay ya kurudishiwa pesa haikulindi tena mzigo ukishafika anwani ya kwanza na kusafirishwa kwingine. Kwa hiyo kasoro lazima ionekane kabla haujaondoka Marekani. Ovaloki ninayotumia sasa niliipata kwa dola 39, kikomo changu kikiwa 48.60. Nilimlipa wakala dola tano aifungue na kuichomeka kwenye umeme wa kwao. Akanirushia video ya sekunde arobaini: kitambaa cheusi, nyuzi nne nyeupe, mshono umenyooka. Ndipo nikamwambia aifunge.