Re: Sufuria gani ya wali na mchuzi itadumu maisha?

Mkuu, chukua stenlesi yenye kitako kinene cha tabaka tatu, aluminiamu ikiwa katikati. Kitako chembamba hupinda na kuunguza wali.

Kagua sana masikio, maana hapo ndipo nyingi hufia. Yawe yamepigwa ribiti (pini za chuma zilizobanwa) au kuchomelewa kuzunguka pande zote, si nukta mbili tu. Ya plastiki achana nayo kabisa kama unatumia mkaa. Halafu igeuze, weka rula kwenye kitako: kikiwa kimetuna kwa nje, irudishe.

Nyumbani, tia chumvi maji yakishachemka, kisha koroga. Ikituama chini kwenye maji baridi hutoboa vishimo vidogo visivyosuguka. Usimwagie sufuria maji baridi ikiwa bado ya moto. Kitako hupinda au hubanduka.