Kabla Hajamaliza la Saba, Piga Simu kwa Wazazi Wenzako

"Mama, darasani kwetu mimi tu ndiyo sina simu." Maneno haya yakitoka kwa mtoto anayekaribia kumaliza darasa la saba, wazazi wengi hunyoosha mikono. Hakuna anayetaka mwanawe aonekane mnyonge mbele ya wenzake.

Binti yangu aliponiambia hivyo, nilimpigia mama wa rafiki yake mkubwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Shoga, na huku naambiwa hivyo hivyo, tena wa kwanza kutajwa kuwa anayo ni mwanao!" Tukampigia mama wa tatu, naye alikuwa ameshaanza kuulizia bei Kariakoo, eti asiachwe nyuma na sisi. Kumbe kila nyumba ilikuwa inaiogopa nyumba ya jirani.

Kwa Tanzania, hatari kubwa iko kwenye ile miezi ya katikati. Mtihani wa taifa wa darasa la saba unafanyika Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Mtoto yuko nyumbani, tuisheni ya kujiandaa na sekondari inaisha saa sita, wewe uko kazini au dukani hadi jioni. Simu janja ikinunuliwa Oktoba kama zawadi ya kumaliza, inakuta mtoto ana nafasi ya kushinda nayo kutwa nzima. Halafu Januari anakwenda shule ambako simu haziruhusiwi, na mwenye akili zake anaificha ndani ya godoro la bweni. Kwa hiyo zungumzeni mapema, ikiwezekana kwenye likizo ya Juni, kabla ahadi za zawadi hazijaanza kutolewa.

Msizungumzie kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Lile ni la michango ya mahafali na salamu za asubuhi. Ukitupia hoja ya simu pale, mmoja atakwambia dunia sasa ni ya kidijitali, mwingine ambaye ameshanunua ataona anasemwa yeye, na hadi usiku mtakuwa mnajadili malezi ya watu. Tafuta wazazi wa wale watoto anaorudi nao kutoka shule. Hao ndio anaojilinganisha nao.

Wenzetu wa mbali wamejipanga kwa namna zao. Mwaka 2023, vyama vya wazazi vya shule 8 za msingi huko Greystones, mji mdogo wa Ireland, vilikubaliana watoto wasipewe simu janja hadi waingie sekondari. Marekani upo mpango unaoitwa Wait Until 8th, yaani subiri hadi darasa la nane, ambao ahadi ya mzazi ya kutompa mtoto simu janja haianzi kufanya kazi hadi familia 10 za darasa moja katika shule hiyo ziwe zimeahidi. Utaratibu huo naupenda, maana hakuna anayetangulia vitani peke yake. Ila kumi ni wengi kwa mazingira yetu. Sisi tulianza wazazi wanne na tulitosha.

Umri ulituletea ubishi. Baba mmoja alisema mitandao yenyewe, kama TikTok na Instagram, inaruhusu kuanzia miaka 13, na wanetu ndiyo kwanza wanaifikia, sasa tunazuia nini? Mwingine akamjibu kwamba Australia imeweka miaka 16 kisheria kwa mitandao mikubwa tangu Desemba 2025. Mama mmoja, ambaye kwa kawaida haongei sana, akauliza: "Nyie mna mabando ya kuchezea?" Hapo ndipo tukakubaliana: hakuna simu janja hadi mtihani wa kidato cha pili, kisha tukae tena. Usiombe ahadi ya hadi kidato cha nne siku ya kwanza. Watu watasema ndiyo kwa aibu, halafu watavunja.

Mtoto anayepanda daladala peke yake mnunulie kitochi. Apige, apigiwe, basi. Na kumbuka laini hiyo imesajiliwa kwa kidole chako, kwa hiyo likitokea la kutokea, wewe ndiye utakayeulizwa.

Matundu yapo, na afadhali myataje waziwazi. Simu ya dada wa kazi. Simu ya kaka aliyeko chuo. Simu ya baba siku ya Jumapili mpira ukiwa kwenye televisheni. Mimi nikimpeleka binti kwa mwenzake Jumamosi huwa namwambia mama yake bila kuzunguka: "Mwenzangu, simu ya kaka mtu leo ikae mfukoni mwa kaka mtu." Naye akileta wake kwangu ananiambia vivyo hivyo, wala hatununiani.

Mmoja wetu alihamishiwa kazi Dodoma, mtoto akabaki kwa bibi, akamnunulia simu janja ili waonane usoni jioni. Ana sababu yake. Mtoto bado anakuja kwangu, simu anaiacha juu ya kabati mlangoni, anaichukua akiondoka. Mngemtenga yule mama, mngempoteza yeye pamoja na mtoto wake, na wanenu wangekuwa wanamfuata huko huko mtaani kuitazama.

Lakini wanaovunja makubaliano zaidi ni ndugu. Mjomba aliyeko Muscat, shangazi aliyebadilisha simu na ya zamani bado nzima, babu asiyejua kusema hapana. Watumieni ujumbe mapema, kwa heshima, na mkatae kwa kuwapa cha kununua. Mimi nilimwandikia kaka yangu: "Kaka, tumeona mwanao akae kwanza bila simu janja. Ukitaka kumpongeza, shuleni wanataka godoro, tranka, ndoo, jembe na fyekeo." Alipiga simu siku hiyo hiyo kuuliza hilo godoro liwe la inchi ngapi.