Mkienda Dubai wawili, ulizeni malazi kabla ya mshahara

Ushauri mwingi wa kutafuta kazi Dubai huandikwa kwa mtu mmoja: fika, kodi kitanda kwenye chumba cha watu wengi mtaa wa Deira, sambaza CV, subiri simu. Mume na mke wakiufuata hivyohivyo, wanaweza wote wawili kupata kazi mapema na bado wakajikuta wanaishi kama watu waliotengana. Mimi na mume wangu tuliondoka Dar es Salaam kwa viza za matembezi, na jambo hili tulilijadili kuliko hata nauli.

Kazi anazopata haraka mtu wa Afrika Mashariki, yaani ulinzi, usafi, hoteli, migahawa na supamaketi, mara nyingi huja na malazi na usafiri wa kampuni. Kwa aliye peke yake hiyo ni nafuu kubwa, maana kodi ya nyumba Dubai inakausha mfuko. Lakini malazi hayo ni chumba cha watu kadhaa, wanaume kwao na wanawake kwao, mengi yakiwa Sonapur, Al Quoz au Jebel Ali. Mume akipangiwa Jebel Ali na mke Sonapur, mtaonana siku ya mapumziko tu, tena kama mapumziko yenu yameangukia siku moja. Nawafahamu wanandoa walioishi hivyo hadi mkataba ukaisha. Walikuwa wakikutana kituo cha metro cha Union, wanakula pamoja, kisha kila mmoja anarudi kwake.

Sisi tulikubaliana tukiwa bado nyumbani: kila usaili, baada ya kuelewa kazi yenyewe, swali linalofuata ni kama kampuni inatoa malazi au posho ya nyumba. Hakuna mwajiri aliyekasirika kwa kuulizwa. Wengine husema moja kwa moja kwamba sera yao ni malazi tu, na hapo mnajua mnaamua nini. Wengine wako tayari kutoa pesa badala ya kitanda, ila hawatalisema usipouliza.

Ofa ya kwanza ya mume wangu ilikuwa ya ulinzi wa jengo, yenye malazi. Usiku ule tulikaa kitandani tukinong'ona, kwa sababu patisheni yetu, yaani kipande cha chumba kilichogawanywa, ilikuwa ya ubao mwembamba na jirani alikuwa akisikia hata tukigeuka. Akaniuliza, "Mama Nasra, nikiikataa hii na nyingine isije, utanilaumu?" Nikamwambia tulishakubaliana, sitamlaumu. Tuliikataa kwa utulivu kwa sababu makubaliano yalifanyika kabla ya njaa na kabla ya ofa. Wanaoanza kulizungumza ofa ikiwa mezani huishia kugombana, na mmoja hubaki na kinyongo.

Baada ya hapo tulibadili mahali pa kutafuta. Dubai ina biashara kubwa na pwani yetu: vipuri, vitambaa, vifaa vya umeme, magari yaliyotumika yanayopelekwa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Ofisi za mizigo zimejaa Deira, na soko la magari liko Ras Al Khor. Kule Kiswahili ni ujuzi unaolipwa, kwa sababu wateja wanapiga simu kutoka Kariakoo na wanataka mtu atakayewaelewa. Mume wangu alikuwa amefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Alipoingia ofisi hizo mlango kwa mlango hakuwa tena mwombaji mmoja kati ya mamia, alikuwa mtu anayejua nyaraka za forodha za upande wa pili. Wapo pia Waarabu wenye asili ya Zanzibar wanaozungumza Kiswahili kizuri kuliko chetu wengine. Usione haya kusalimia kwa Kiswahili.

Sasa karatasi. Anayepata kazi anaweza kumdhamini mwenzi wake kwa viza ya familia, mradi mshahara ufikie dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Ndiyo maana nasema swali la malazi ni swali la ndoa nzima. Hapo watu wa uhamiaji watahitaji cheti cha ndoa kilichothibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya kwenu, kikagongwa muhuri na ubalozi wa Falme za Kiarabu, na baadaye kikatafsiriwa kwa Kiarabu. Fanyeni uthibitisho huo kabla ya kupanda ndege, pamoja na vyeti vya shule. Kumwomba shemeji azunguke na cheti chenu ofisi hadi ofisi huku tarehe za viza zinakimbia ni mateso kwenu na kwake. Mwenzi aliye chini ya viza ya familia anaweza kuajiriwa pia, mwajiri anamwombea kibali cha kazi. Mimi nilipata kazi ya mapokezi kwa njia hiyo, nikitafuta bila hofu ya tarehe.

Kabla ya kufika hapo, tarehe ndiyo inayowaongoza. Viza ya matembezi huwa ya siku 30 au 60, na ukizidisha ni faini ya dirhamu 50 kwa siku kwa kila mtu, kwa hiyo ninyi ni 100. Kuna pia viza maalumu ya watafuta kazi, ya siku 60, 90 au 120, kwa wenye digrii na wasomi waliohitimu karibuni. Kama mmoja wenu ana sifa, aiangalie kwanza. Swali mtakalosikia kila mahali ni viza yenu ni ya aina gani na inaisha lini. Jibu lake liandikeni juu kabisa ya CV, chini ya picha.

Atakayewaambia muanze kazi kwa majaribio mkiwa na viza ya matembezi, mkataeni. Ni kinyume cha sheria, na tangu 2024 mwajiri anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Wewe nawe utakuwa huna mkataba wa kudai hata senti. Halafu wapo wa "kufungua faili". Nilifika ofisi moja nikaambiwa nilipie faili na vipimo ndipo nipewe barua ya ofa. Sheria ya kazi iliyoanza Februari 2022 inasema gharama za kuajiri ni za mwajiri, na hiyohiyo inamkataza kushikilia pasipoti yako. Ofa ya kweli inapita kwenye mfumo wa wizara ya kazi, MOHRE, na unaweza kuihakiki huko kabla ya kutia saini.

Kuhusu pa kulala wiki za mwanzo: kitanda cha kupanga hakiwafai wanandoa, na patisheni nyingi haziruhusiwi. Mwaka 2025 Manispaa ya Dubai ilifanya msako mitaa kama Al Rigga, Al Muraqqabat na Satwa. Tafuteni chumba kamili kwenye nyumba ya familia, hata kama ni mbali kidogo na metro, ili msije mkatolewa usiku na masanduku yenu. Na kwenye metro, mume asimfuate mke behewa la wanawake, ni faini ya dirhamu 100.

Pigeni hesabu ya chumba, chakula na usafiri wa watu wawili kwa muda wote wa viza, kisha muongeze nauli ya kurudi ya wote wawili. Nyakati za joto kali ofisi nyingi huajiri polepole, kwa hiyo kuanzia Septemba hadi Machi ni bora. Kama akiba haifiki, aende mmoja kwanza, yule mwenye ujuzi unaouzika zaidi, awe mume au mke, na mwenzake abaki nyumbani akikamilisha mihuri ya vyeti. Akipata kazi yenye posho ya nyumba, cheti cha ndoa kitakuwa tayari kutumwa wiki hiyohiyo.