Pesa ya kipimo cha Lyme situmi

Ndugu zangu wa Arua, Uganda, mmeniandikia kwamba huku Marekani tone moja la damu hutaja magonjwa yote, kwa hiyo nitume dola shangazi apimwe ugonjwa wa Lyme, maana magoti yanamuuma. Dola za kipimo hicho situmi. Kuwanyima nikiwa mbali hivi kunaniuma, ila ni afadhali mkasirike kuliko mlipie karatasi itakayowapotosha.

Lyme huletwa na kupe wa jamii ya Ixodes, nao wamejaa vichakani huku Connecticut na Massachusetts. Kupe wa ng'ombe wenu wana magonjwa yao mengine. Mtu ambaye hajafika kwenye maeneo ya Lyme akipimwa na kuambiwa chanya, mara nyingi jibu ni la uongo. Kaswende huweza kulisababisha. Homa ya papasi pia, kwa kuwa vijidudu vyake na vya Lyme ni wa ukoo mmoja, Borrelia. Shangazi achunguzwe kwanza magonjwa ya huko.

Tena kipimo chenyewe hakitafuti kijidudu. Kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya kijidudu, ambazo mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Damu ya mshipa huachwa igande, ikazungushwa kwenye mashine hadi seramu, yaani maji ya damu, ijitenge, kisha ikapimwa kwa ELISA, kipimo cha kwanza cha kingamwili. Ikiwa hasi, wanaishia hapo. Ikiwa chanya au ya mashaka, seramu ileile huenda kwenye imunobloti, kipimo cha kuthibitisha kinachoonyesha kingamwili kama mistari, wakaihesabu: IgG, kingamwili zinazokuja baadaye, hutaka 5 kati ya 10; IgM, zile za mwanzo, 2 kati ya 3. Tangu 2019 Marekani imeruhusu pia ELISA ya pili mahali pa imunobloti. Wanaopotezwa wengi hupotezwa na IgM, ambayo ina maana ndani ya siku 30 za kwanza za dalili tu. Mtu ameugua mwaka mzima, IgM ina mistari 2, IgG haijatimia, halafu anaanzishiwa dawa za Lyme! Huo si ushahidi.

Nanyi mnaokuja huku kukata nyasi: msikimbilie maabara siku ya pili baada ya kung'atwa. Damu itasema hasi na bili itakufuata. Kagua mwili mzima, kwapani na nyuma ya magoti, maana kupe mchanga ni mdogo kuliko simsim. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute wima, usimpake mafuta wala kumchoma. Kama amenyonya saa 36 au zaidi, mwone daktari kabla saa 72 hazijapita tangu umtoe. Dozi moja ya antibiotiki ya doksisaiklini, miligramu 200, huweza kukukinga.

Doa la Lyme likitokea kwenye ngozi siku ya 3 hadi ya 30 baada ya kung'atwa, likapanuka kupita sentimita 5, hutibiwa bila kusubiri damu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, hufanana na mvilio, na daktari huweza kulipita. Mwonyeshe, mwambie ulikuwa vichakani, usione haya.

Goti likivimba miezi kadhaa baadaye, hapo dai kipimo hata wakisita, kwa kuwa kufikia hapo IgG huwa imepanda. Ukishatibiwa usipime tena kutafuta kupona. Kingamwili hubaki mwilini miaka.

Shangazi aende kliniki na dawa zote anazomeza, wamwangalie magoti na kaswende ipimwe. Nitumieni nambari ya kliniki, hiyo nitalipa.