Giaboksi imekufa, yadi inasema waranti ni ya injini tu
Pole sana, ndugu. Giaboksi kufa wiki 3 tu baada ya kununua gari, kisha yadi ikwambie waranti ni ya injini peke yake, inauma mno. Usikubali fundi yeyote aifungue kwanza. Ikishafunguliwa watasema wewe ndiwe uliyeiharibu. Ipime kwa mashine, uhifadhi matokeo. Kama ni CVT (giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia), uliza walitia oili gani, maana ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya kawaida hufanya mkanda wa chuma uteleze na kulika (yangu ilikwisha hivyo hivyo). Waandikie yadi barua, wape siku 14 za kujibu. Wakinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo: hapa Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili.