Injini nzima, injini iliyozimwa

SWALI: Katika habari ya ajali ya ndege nimekuta sentensi hii: "Muda mfupi baada ya kuruka, rubani alizima injini nzima." Kwani kuna injini inayozimwa nusu? Na kile anachokivuta rubani kupunguza nguvu ya injini tukiiteje?

JIBU: Kisarufi sentensi haina kasoro. Tatizo ni hilo "nzima", lenye maana mbili. Ukisema "nimesoma kitabu kizima", hujaacha ukurasa. Ukisema "vikombe vimevunjika, kimebaki kimoja kizima", unasema hakina ufa. Mwandishi alikusudia maana ya pili: injini isiyo na hitilafu.

Na jambo hilo hutokea kweli. Tarehe 4 Februari 2015, ndege ya TransAsia, shirika la Taiwan, aina ya ATR 72 iliruka kutoka Taipei, ikapoteza msukumo upande wa kulia. Rubani akarudisha nyuma wenzo (ndicho kile ulichouliza) wa injini ya kushoto, kisha injini hiyo ikazimwa. Watu 43 kati ya 58 walikufa. Hapo mimi ningeandika "alizima injini iliyokuwa salama". Ni ndefu kidogo, lakini hakuna atakayeuliza kuhusu nusu.

Angalia pia "ilizimika" na "ilizimwa". Ya kwanza imejifia yenyewe, ya pili kuna mkono wa mtu. "Imezima" ya mazungumzo haisemi lolote kati ya hayo. Kwa simu yako inatosha, kwa ripoti ya ajali haifai kabisa.

Kile kinachovutwa ni wenzo, wingi wake nyenzo. (Siku hizi nyenzo zimekuwa vitendea kazi vya kila aina, hata umoja wake umesahaulika.) Kwenye ndege za jeti nauita wenzo wa msukumo. Usiuite usukani wala gia.

Ila kuurudisha nyuma si kuzima. Wenzo ukifika mwisho wa nyuma, injini bado inazunguka taratibu. Huzimwa pale mafuta yanapokatwa kwa swichi au wenzo mwingine. Kabla ya kila hatua marubani huulizana: mmoja anashika wenzo na kuutaja, "namba moja", mwenzake anatazama na kuthibitisha, ndipo unarudishwa. Kwa hiyo unapotafsiri, ukikuta mkono wa rubani umeishia kwenye wenzo, andika "alirudisha nyuma" au "alipunguza msukumo", na "alizima" iweke hadi mafuta yakatwe.