Msitupe mabango ya filamu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni kitu gani kinachotupwa kila siku ambacho ungependa watu waanze kukikusanya, na kwa nini?" Jibu langu ni mabango ya filamu. Mimi ni fundi fremu hapa Mwanza, kazi yangu ni karatasi, kioo na mbao, na mabango ya filamu nimeyakusanya kwa miaka mingi. Nitaanzia mbali, kwa sababu yaliyowapata wenzetu huko ndiyo yanayotupata sisi sasa, na wao walishtuka wakati mengi yameshapotea.

Wakusanyaji wa kwanza walitokea Paris, miaka ya 1890, sinema ikiwa ndiyo kwanza inazaliwa. Mitaa ya jiji lile ilijaa matangazo makubwa ya rangi, kazi ya wachoraji kama Jules Chéret, na watu waliyapenda kiasi cha kuyabandua ukutani usiku gundi ikiwa bado mbichi, au kumpa mbandikaji chochote awaachie nakala. Chéret huyohuyo alichora tangazo la maonyesho ya michoro inayotembea ya Émile Reynaud, yaliyoanza mwaka 1892 katika jumba la Grévin. Ndugu Lumière walipoonyesha sinema yao kwa watazamaji wa kulipa kiingilio, tarehe 28 Desemba 1895, nao wakawa na mabango. Moja la mwaka 1896, lililochorwa na Marcellin Auzolle, linaonyesha watu wameketi wakicheka, na mbele yao kwenye pazia mtunza bustani analoweshwa na mpira wake mwenyewe wa maji. Hilo huhesabiwa kuwa bango la kwanza kuonyesha filamu fulani, na kwangu mimi bado ni mojawapo ya mabango mazuri kuliko yote, kwa sababu mchoraji aliwatazama watazamaji kwanza, filamu baadaye.

Mabango hayo yalichapwa kwa mawe. Mchoraji alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likalainika, jiwe likaloweshwa maji, kisha likapakwa wino. Wino wenye mafuta ulishika penye mchoro ukakataa penye maji. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na karatasi ilipita juu ya yote. Ukichukua lenzi ya mkononi ukaangalia bango la namna hiyo utaona rangi imelala kama ilivyopakwa, bila vile vidoa vidogo vilivyojipanga mistari ambavyo mashine za baadaye ziliviacha. Kwa lenzi hiyohiyo mtu hutambua bango la zamani lililochapishwa upya juzi.

Marekani ndiko mabango yalikopewa vipimo na utaratibu. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa inchi 27 kwa 41. Kuanzia mwaka 1940 kampuni iliyoitwa National Screen Service ilianza kukabidhiwa na studio kubwa kazi ya kusambaza mabango yao, na utaratibu wake ndio unaoeleza kwa nini mabango ya zamani ni adimu. Jumba la sinema halikununua bango, lilikodi. Filamu ikimaliza siku zake, bango linarudishwa ghalani, linapelekwa mji mwingine, linabandikwa tena, mpaka lichakae kabisa. Kiwandani yalikunjwa ili yaingie kwenye bahasha, ndiyo maana mabango mengi ya Marekani ya kabla ya miaka ya 1980 yana alama za mikunjo, na mkusanyaji anayejua kazi yake hazichukii. Chini pembeni utakuta namba kama 77/21: mwaka 1977, filamu ya 21 katika orodha ya kampuni.

Katika mnyororo wote huo hapakuwa na mtu anayelipwa ili bango lidumu. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuja na kampeni za kukusanya karatasi chakavu, mabango mengi yakaenda huko pamoja na magazeti. Yaliyopona yaliponea mikononi mwa watu wa chini: mwendesha mashine aliyeficha machache kwenye chumba chake cha juu, mfanyakazi wa ghala, mfagizi, mtoto aliyemwomba meneja. Mengine yalipona kwa sababu karatasi ile nene ilifaa kuziba baridi ndani ya kuta na chini ya sakafu. Mwaka 2011, huko Berwick, Pennsylvania, lilipatikana rundo la mabango 33 ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, lililotoka darini mwa nyumba, yote yameshikana kwa gundi ya kubandikia karatasi za ukutani. Mafundi waliyatenganisha kwa mvuke, moja baada ya jingine, kwa majuma kadhaa. Mwaka uliofuata yakauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 500,000. Mimi hilo la dola hulisoma mara moja nikapita. La mvuke nimelisoma na kulirudia, kwa sababu najua inavyokuwa kushika karatasi iliyolowa ambayo haina nakala nyingine.

Ukusanyaji ulipata nguvu kuanzia miaka ya 1960. Televisheni ilikuwa inarudisha filamu za zamani usiku, vijana wakazipenda upya, na maghala yaliyokuwa yanafungwa yakauza shehena zao kwa bei ya karatasi. Watu waliandikiana barua, wakabadilishana, wakakutana kwenye maonyesho ya wakusanyaji. Nyumba kubwa za mnada ziliingia baadaye. Mwaka 1997 bango la filamu ya The Mummy ya mwaka 1932 liliuzwa New York kwa dola 453,500. Mwaka 2005 bango la Metropolis ya Ujerumani, lililochorwa na Heinz Schulz-Neudamm, na ambalo nakala zake zinazojulikana ni 4 tu, liliuzwa kwa dola 690,000. Vijana wanaoniuliza dukani huwa wanataka kusikia hizo tu. Basi nami huwaeleza upande wa pili: kuanzia miaka ya 1980 studio zilichapisha mabango kwa wingi, yakaanza kusafirishwa yakiwa yameviringishwa, watu wakayanunua wakiamini watatajirika. Mengi ya hayo leo hayana bei ya maana, kwa kuwa kila aliyeyanunua aliyatunza. Minada ya intaneti ilipokuja ikadhihirisha jinsi yalivyojaa kwenye makabati. Thamani ya lile la 1932 ilitokana na watu walioliona likitumika wakaliacha life.

Sasa nije Afrika, maana hapa ndipo penye jambo langu. Kuanzia miaka ya 1980 nchini Ghana walikuwepo watu waliozunguka mijini na vijijini na televisheni, deki ya video na jenereta, wakionyesha filamu. Mabango ya kuchapwa hawakuwa nayo. Wakawapa kazi wachoraji wa vibao vya maduka, nao wakachora kwa rangi za mafuta juu ya magunia ya unga yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja. Mchoraji mara nyingine alikuwa hajaiona filamu, hivyo aliongeza nyoka, moto na misuli kwa kadiri alivyoona vitavuta watu. Ni kazi zenye ujasiri mkubwa. Baadaye televisheni za majumbani zilienea, mabango ya kuchapwa yakawa rahisi, biashara hiyo ikafifia. Wageni wakaja wakayanunua, yakatundikwa kwenye majumba ya sanaa ya Marekani na Ulaya. Siwalaumu walionunua, kwa kuwa waliyaokoa. Lakini mtoto wa Accra anayetaka kuona kazi ya babu yake inabidi aitafute ng'ambo.

Nasi tuko kwenye njia hiyohiyo. Mto Kagera unaomwaga maji kwenye ziwa letu ulikuwa mojawapo ya sehemu ilikopigwa Mogambo, filamu ya mwaka 1953 ya Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Hatari! ya mwaka 1962, ya John Wayne, ilipigwa upande wa Arusha. Mabango ya filamu hizo yanauzwa na kununuliwa Ulaya na Marekani kila mwaka. Kwenye ofisi au shule ya kwetu sijawahi kuona hata moja ukutani.

Wazee wa mjini hapa wanakumbuka mabango ya filamu za Kihindi yaliyokuja pamoja na mikanda, na jinsi umati ulivyosimama mbele ya kioo cha matangazo kuyatazama hata bila pesa ya kiingilio. Baba mmoja mteja wangu, ambaye humwamkia kila anayeingia kabla hajaamkiwa, anaweza kukueleza bango la Sholay ya mwaka 1975 rangi kwa rangi. Ukimuuliza yalikwenda wapi, anasema filamu ikiondoka yalifungiwa maandazi. Enzi za TFC, kampuni ya umma ya filamu, zilipita, majumba ya sinema yakabadilishwa matumizi, na karatasi zikaenda na takataka.

Kisha yakaja mabanda ya video. Aliyekulia kwenye mialo anajua. Ukerewe, Kome, Ukara, banda la mabati, jenereta nyuma, mabenchi, sauti ya Lufufu akitafsiri filamu ya Kichina kwa Kiswahili kitamu kuliko maneno ya wenyewe. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, kwani taa zao hazivuti dagaa mbele ya mwezi mpevu, na siku hizo ndizo banda lilipojaa. Nje palikuwa na ubao wa chaki na saa ya onyesho, na pembeni posta iliyogongelewa misumari. Katika posta za visiwani nilizowahi kupata, zote zina matundu ya misumari, na mbili zina magamba ya samaki yaliyogandia nyuma. Sijayabandua na sitayabandua.

Bongo muvi zilipoanza, posta zilifika Mwanza kwenye maboksi ya CD na DVD, zikabandikwa kwenye vioo vya saluni na milango ya maduka ya jumla. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alitazama wateja kutoka kwenye kuta za vinyozi wengi wa Kanda ya Ziwa, na alipofariki Aprili 2012 posta zake zilibaki pale kwa miaka, zikipauka kwa jua. Leo zitafute. Saluni zimepakwa rangi, zimewekewa vigae na skrini. Filamu mpya zinatangazwa kwa picha ya simu, inayopita kwenye status saa 24 na kufutika. Kwa hiyo posta za karatasi za miaka ya 2003 hadi 2015 ni kundi lililofungwa, haliongezeki tena kwa wingi ule, na lililopo linapungua kila msimu wa mvua. Hiyo ndiyo hali ileile ya mabango ya Marekani ya mwaka 1932, na wenye kuyaokoa ni walewale: kinyozi, mwenye banda, muuza CD aliyefunga duka na kubaki na boksi uvunguni. Serikali au kampuni ya filamu ikija kukumbuka, mchwa watakuwa wamemaliza.

Kwa atakayeanza, niseme mambo machache ya ufundi, maana yananiuma kuona watu wenye nia njema wakiharibu. Usipige laminesheni, ile plastiki haitoki tena. Usitumie selotepu hata kidogo, baada ya miaka michache gundi yake inaacha mstari wa kahawia unaoingia ndani ya karatasi. Hadibodi nyuma ya fremu inaifanya karatasi iwe ya njano, hivyo lazima kuwe na karatasi nyeupe safi katikati. Kioo kisiguse picha, kwani unyevu wa huku ziwani utaigandisha. Wenye uwezo huko nje hubandika bango juu ya karatasi nyembamba ya Kijapani na kitambaa kwa gundi ya wanga wa ngano, kwa sababu gundi hiyo huachia kwa maji fundi wa baadaye akitaka kuitoa. Sisi tunaweza kuyaacha bila kuyabandika popote. Nenda Makoroboi kwa wauza vitambaa, omba ule mrija mgumu wa karatasi wa kuviringishia vitambaa, uvishe karatasi nyeupe, viringisha posta kwa nje, uso ndani, na ulaze juu ya kabati mbali na ukuta. Bango lililochanika usilikate kingo ili lipendeze. Nyuma, kwa penseli laini, andika lilikuwa limebandikwa wapi, mwaka gani, na nani alikupa.

Nakala zangu za ziada nabadilishana, siuzi. Ninachohitaji sana kwa sasa ni posta na mbao za matangazo kutoka visiwani na mialo ya Magu na Sengerema, hata zikiwa vipande. Na tukishakuwa wakusanyaji wachache wenye mkusanyo wa kuonyesha, nitakwenda Maktaba ya Mkoa kuomba ukuta mmoja kwa wiki moja. Fremu nitatengeneza mimi.